Bangili Nyekundu, Mara Mia Mbili

Walikutana kwenye msongamano wa soko la nafaka, kiatu cha mwanamume kikiwa juu ya kidole cha fundi cherehani. Mwanamume alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, begani kabeba mfuko wa mtama.

"Samahani, mrembo."

"Samahani baadaye. Kwanza toa mguu."

Akacheka, na fundi, asiyelainika ovyo, akalainika. Miezi sita baadaye alikuwa anajishonea gauni la harusi. Alichojua ni kwamba mchumba anafanya kazi maabara. Akiulizwa kazi gani, bwana alikuwa akibadilisha mazungumzo.

Siku moja akasahau daftari kwa fundi. Fundi hakulipekua, lilifunguka lenyewe, kama madaftari ya wachumba yanavyofunguka. *Bangili Nyekundu: sindano, dakika kumi, mara mia mbili na kumi. Bangili Bluu: maji tu, mara kumi na nne.*

Akampigia shangazi yake simu, akamsomea.

"Dakika kumi, mara mia mbili?" shangazi akauliza. "Mwanangu, huyo si mume, hiyo ni cherehani."

"Sicheki, shangazi."

"Na huyo wa maji tu, maskini, kakosa nini?"

Kisha akampigia mchumba mwenyewe. "Laazizi, Bangili Nyekundu hajambo?"

"Nani kakuambia habari zake?"

Fundi akakata simu, akajifunga kanga kiunoni, akaenda maabara bila kubisha hodi.

Bangili Nyekundu alikuwa njiwa, kavishwa bangili nyekundu mguuni. Alikuwa ndani ya tundu, akidonoa alama moja ukutani, to-to-to-to, mtama umejaa miguuni pake hautazami.

"Ni dawa ya kuchangamsha," mchumba akasema, macho chini. "Inagusa pale ubongo unapoamua tendo liishe. Akianza kudonoa, hawezi kuacha; hizo mara mia mbili na kumi ni midonoo ya dakika kumi. Wa bluu kapewa maji ili tulinganishe. Kuna watu hukwama hivihivi kwenye tendo moja, tunatafuta sababu."

"Na mimi ulinificha kwa nini?"

"Ulimlilia paka wa jirani siku mbili. Nikaona ukijua nawachoma ndege sindano, nimekukosa."

Fundi akavuta kiti. "Sitoki mpaka ale."

Wakakaa. Saa tisa alasiri midonoo ikapungua. Njiwa akasimama, kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha akainama akala punje moja.

"Basi harusi iko palepale, mpenzi?"

"Inasogea mwezi mmoja, kwa kunificha. Ukinuna, miwili."

Hakununa. Alitabasamu, na fundi akamkazia macho, akitaka kujua anatabasamia nini.