Kioo cha Ghorofa ya Kumi na Tisa

Mapenzi yao yalianza kwa viatu kulowa. Asubuhi ile ukumbi wa chini wa jengo moja refu la ufukweni ulikuwa umefurika watu, kila mmoja na kadi yake mkononi akigombea lifti. Miongoni mwao alikuwa Katibu wa kampuni ya bima ya meli ya ghorofa ya kumi na tisa, na gauni lake la samawati na viatu vipya vya ngozi. Ndoo ya msafisha vioo ikamkuta hapo hapo.

"Pole, dada! Jamani, pole sana."

"Pole haikaushi viatu."

"Basi nipe nivivae mimi, wewe vaa buti zangu, tupande wote huko juu."

Alitaka kununa, akajikuta anacheka. Kijana alikuwa mrefu, na ovaroli ya rangi ya chungwa, mkanda wa kamba kiunoni, na utulivu wa mtu anayeshinda na mawingu. Lifti ilipofika walikuwa wameshapeana namba za simu.

Miezi mitano ikapita kama usingizi wa mchana. Mchana walikaa kwenye benchi kando ya maji, jioni wakapigiana simu.

"Kumi na Tisa wangu, umekula?"

"Nimekula, Mtu wa Juu. Wewe usianguke tu."

"Nilishaanguka siku ya ndoo."

Jumatano moja sauti ya kijana ikabadilika. Alikuwa amepewa mkataba wa miaka mitatu katika mji mwingine, mbali.

"Sitaki kwenda, mpenzi. Lakini nikibaki, nibaki kwa sababu. Nije kwenu kwa mama, au nisije? Kesho nasafisha upande wako. Nijibu kabla ya Ijumaa jioni. Ukinyamaza nitaelewa, nitatia sahihi."

"Utajibiwa," Katibu alisema.

Hakutaka kujibu kwa simu. Jibu la namna hiyo alilitaka liwe la kukumbukwa. Alhamisi alivaa gauni lile lile la samawati, akachukua karatasi kubwa, akaandika kwa wino mzito: NDIYO. NJOO. Akaibandika dirishani, akasimama kando yake. Jua lilikuwa kali, na mng'ao wa maji ulicheza kwenye dari la ofisi.

Saa tano jukwaa likashuka taratibu kwa kamba zake, na Mtu wa Juu ndani yake. Akapaka povu, akalivuta kwa kifutio chake cha mpira, kioo kikatakata. Akamtazama Katibu usoni kabisa. Akarekebisha kofia. Akatoa ulimi, akaukagua. Kisha akashuka zake.

Katibu aliganda. Kumbe alikuwa mtoto wa kuchezewa! Akazima simu, akageuza kiti akaipa mgongo bahari.

"Niitoe hii karatasi?" aliuliza Dada wa Mapokezi.

"Iache. Iwe shahidi yangu."

Ijumaa alasiri wingu zito likatanda juu ya maji, mchana ukawa kiza, taa za ofisi zikawashwa. Katibu alikuwa akiandika barua asiyoielewa aliposikia kioo kinagongwa. Hakugeuka. Kikagongwa tena, kwa nguvu.

Mtu wa Juu alikuwa nje, amerudi kumalizia upande ule, jukwaa likiyumba kidogo, midomo ikisoma karatasi. Alikuwa analia. Akaonyesha simu iliyoning'inia shingoni mwake. Katibu akawasha yake.

"Hii karatasi umeiweka lini?"

"Jana! Ulinitazama usoni, ukanitolea ulimi!"

Kijana akaangua kicheko katikati ya machozi.

"Mpenzi wangu, mchana wa jua kioo hiki kwa nje ni kama cha kinyozi. Mimi huona bahari na sura yangu tu. Leo ndiyo mara ya kwanza nakuona humo ndani, kwa sababu ya hili wingu."

"Kwa hiyo miezi mitano yote nilivyokuwa nakupungia mkono..."

"Ulikuwa unampungia kipofu."

Katibu alicheka mpaka akaegemea kioo. Akaweka kiganja, naye kijana akaweka chake kwa nje. Kioo kilikuwa baridi, lakini yeye alihisi joto.

"Na mkataba?"

"Uko mfukoni, haujatiwa sahihi. Nilibakiwa na saa moja."

"Uchane. Jumapili mama yuko nyumbani. Na ukija, hiyo ndoo iache."

Wingu likapita kama lilivyokuja. Jua likamwagika juu ya maji, na Katibu akaona macho ya kijana yanaanza kutangatanga kwenye kioo, yanamtafuta.

"Bado upo hapo?"

"Nipo."

"Sikuoni tena."

"Mimi nakuona," Katibu alisema, na hakuondoa kiganja chake.