Nyuki Waliopitishwa Mlangoni

Watu wa Bokoli na majirani zangu wote, jambo hili nitawaambia wazi, na jina langu nitalitaja kwa sababu nimo ndani yake. Mimi ni Peris, wengi mnaniita Mama Hillary. Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na ningeweza kuyazuia.

Jumamosi moja ya Julai tulikuwa kwa Roselyne tukichambua maharagwe. Jua lilikuwa la upole, kuku wanaparura uani, naye Roselyne amenyoosha miguu mkekani akijipaka magoti dawa ya nta. Dawa hiyo alikuwa ameletewa na mkwewe Kimeli, mume wa binti yake Edinah. Kimeli ni mtu wa Kapsokwony kule mlimani, kwao wamefuga nyuki tangu enzi za babu yake, lakini yeye na Edinah wanakaa Kitale wanakouza asali. Huyeyusha nta, akachanganya na mafuta ya alizeti pamoja na ile gundi nyeusi ambayo nyuki huziba nayo nyufa za mzinga.

Dawa ile sitaisema vibaya. Roselyne, ambaye mwaka uliopita alikuwa akienda kanisani kwa mkongojo, sasa alikuwa anapiga magoti kama sisi.

"Hii kitu ya mkwe imenisaidia, nyinyi," alituambia. "Siku hizi hata usiku narara."

Lakini baridi ilipozidi, magoti yakavimba tena. Kimeli alipopata habari, alisema kazi ya nta imefika mwisho, sasa ni zamu ya nyuki wenyewe. Yeye na baba yake hujidunga nyuki magotini kila msimu wa baridi, na mlima wanaupanda kama vijana. Hakusema uongo. Kosa lake ni kwamba alimpima mama mkwe kwa mwili wake mwenyewe, mwili uliozoea kuumwa na nyuki tangu utotoni.

Sasa, ukwe wetu mnaujua. Mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mkono, hawakai chumba kimoja, na goti la mama mkwe si kitu cha kuonwa na mkwe. Hivyo Kimeli alipokuja na nyuki wake kwenye chupa ya jemu, aliwapitisha mlangoni, kisha akasimama nje karibu na dirisha, mgongo kwa ukuta, akawa anaelekeza kwa sauti. Edinah alishika chupa. Mimi nilishika mguu. Tulikuwa na mganga asiyeweza kumwona mgonjwa wake, wala hatukuona ajabu. Tuliona adabu.

Nyuki wawili walidunga goti la kulia. Edinah akatoka kumpelekea mumewe chai. Hapo Roselyne akanishika mkono. Midomo yake ilikuwa inavimba, na shingoni ametokwa na mabaka mekundu.

"Mama Hillary, koo inafunga," alininong'oneza. "Na nawashwa mpaka kichwani."

"Nimwite Kimeli?"

"Wacha, wewe. Mkwe ametoa nyuki mpaka huko mlimani, halafu asikie ati zimeniumiza? Ataona nimekataa msaada wake."

Nami kwa kujifanya mjuzi nikamwambia, "Basi vumilia. Hiyo ni ugonjwa inatoka."

Nani alinifundisha hayo? Niliyaokota sokoni, nikayabeba hadi mbele ya mgonjwa bila kuyapima. Edinah aliporudi, mama yake alikuwa amejifunika leso hadi puani, jinsi mama mkwe anavyofanya mkwe akiwa karibu, kwa hiyo binti hakushuku kitu. Nusu saa baadaye koo likaachia.

"Mama anasikiaje?" Kimeli akauliza kutoka nje.

Edinah alimwinamia mama yake, kisha akalipeleka jibu dirishani. "Anasema asante."

Ubaya ni kwamba goti lilipata nafuu kweli. Wiki nzima Roselyne alitembea vizuri, akacheka, na mimi nikajipongeza kimoyomoyo. Basi Kimeli aliporudi baada ya wiki tatu, hapakuwa na aliyeona sababu ya kumzuia. Safari hii alileta nyuki wanne, kwa vile wale wawili walimkubali mama.

Nilimtazama Roselyne. Alitikisa kichwa kidogo, maana yake nisiseme. Nami sikusema.

Nyuki wa pili alipodunga, Roselyne alisema, "Edinah, sioni vizuri," kisha akaanguka ubavu. Pumzi yake ikaanza kupiga mluzi. Edinah alilia kwa sauti. Kimeli alikuja mbio mpaka mlangoni, na pale kizingitini akasimama.

"Niingie?" akauliza.

Edinah alizidi kulia. Sijui alisimama kwa muda gani, lakini mimi niliuona muda ule kuwa mrefu sana. Hatimaye akavuka, akambeba mama mkwe mikononi, akamkalisha kwenye pikipiki yake. Mimi nilipanda nyuma nikamshika. Roselyne alikuwa amelaza kichwa kwenye mgongo wa mkwe ambaye hakuwahi kumpa hata mkono. Nilikuwa naisikia pumzi yake. Kabla hatujafika kwenye lami, sikuisikia tena.

Hospitalini walijaribu, wakamdunga sindano, wakamkandamiza kifua. Daktari alipotoka, tuliujua ukweli kabla hajafungua mdomo. Alitupa pole, kisha akauliza kama ilikuwa mara ya kwanza.

"Ya pili," Kimeli alisema.

"Na ile ya kwanza hakuwashwa mwili? Koo halikubana?"

"Hapana, daktari. Alisema asante."

Ningeweza kunyamaza na leo mngekuwa hamjui. Lakini nilisema yote, mabaka, midomo, koo. Daktari alisikiliza, akasema kwamba siku ile ya kwanza ndiyo ilikuwa onyo, na mtu aliyeonywa hivyo hafai kudungwa tena.

Kimeli alikaa chini kwenye sakafu ya saruji.

"Mama Hillary," aliniambia polepole, "mimi na wewe si huwa tunaongea? Si ungeniambia tu?"

 

FUNZO

Dawa ya nta ikikutuliza, jipake, lakini goti linalovimba kila mara lipelekwe likaonwe na daktari. Sumu ya nyuki ni kitu kingine. Mtu akidungwa na nyuki kisha akawashwa mwili mzima, akavimba midomo, akabanwa koo au akashikwa na kizunguzungu, huo si ugonjwa unaotoka. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, hata akiwaambia ameanza kupata nafuu, na asichezee nyuki tena.

Heshima ya ukwe sisemi tuitupe. Nasema mgonjwa aliyefungwa mdomo na heshima anahitaji mtu wa kumsemea. Roselyne alinichagua mimi. Kimeli alikuwa hatua tano kutoka nilipokaa, dirisha lilikuwa wazi, na mimi sikukatazwa na desturi yoyote kuongea naye.