Meseji Iliyoingia Kaburini

Simu ilibamizwa juu ya meza yangu ya randa hadi kioo kikapasuka.

“Soma!”

Mwanamume huyo sikumjua. Shati jeusi, macho mekundu kama hajalala wiki nzima.

“Soma kwa sauti, na mafundi wako wasikie!”

Misumeno ikanyamaza. Nikasoma...

“Habari Kahaso! Umelifurahia JENEZA lako? Tupe nyota tano! Ukinunua la pili tunakupunguzia asilimia kumi. Karibu tena!”

Jamani!

“Kahaso ni shemeji yangu,” akasema. “Jana tumemzika ndugu yangu Thoya kule Kaloleni. Hiyo meseji imeingia tukiwa tunatia mchanga. Sasa niambie, dada, hilo la pili tumtie nani?!”

Wewe ungemjibu nini?

Mimi naitwa Sidi. Karakana yangu iko Kibarani, hapa Kilifi. Tunatengeneza vitanda, makabati na majeneza. Mwaka jana nilimwomba rafiki yangu Njenga, mtu wa kompyuta, anifungulie duka mtandaoni. Mteja akilipa tu kwa simu, kesho yake mfumo wenyewe unamwandikia: umeridhika? Tupe nyota!

Hakuna anayegusa kitu. Unalala, unaamka, nyota zimeingia.

Na zilikuwa zikiingia kwelikweli! Watu wa Malindi na Watamu wakawa wanaagiza vitanda bila hata kuniona sura.

Yule bwana, aliyejitambulisha kwa jina la Tsuma, alipoondoka tu, nikampigia Njenga.

“Njoo hapa. Sasa hivi!”

Alifika anahema. Hata salamu sikumpa.

“Umenimaliza, Njenga!”

Akaisoma ile meseji mara mbili.

“Sidi, majeneza mimi niliyatoa kwenye orodha ya bidhaa zinazoombewa nyota. Nilikuambia, mtu amenunua jeneza huwezi kumuuliza kama amefurahia.”

“Basi imetumwa na jini?”

“Sijui. Hebu nipe dakika kumi niangalie...”

“Usiguse kitu changu! Umeona duka limeshika, roho ikakuuma. Toka!”

Alichukua begi lake akaenda zake, na mafundi wote wanamtazama.

Nikaona haitoshi. Nikaingia Facebook, nikaweka picha yake: “Huyu mtu ataua biashara yako. Jihadharini naye.” Watu wakaisambaza. Hoteli mbili za Malindi alizokuwa akizifanyia kazi zikamwambia asirudi.

Mimi nikajiona nimeshinda.

Lakini meseji hazikukoma!

Kesho yake familia moja ya Kisumu Ndogo, iliyofiwa na bibi yao, ikapata ileile. “Karibu tena!” Nikatafuta pa kuizima, wapi! Nikibonyeza hapa, napelekwa kule. Nikibonyeza kule, narudishwa hapa.

Nikaiandikia kampuni inayotukodisha ule mfumo. Jibu likaja papo hapo:

“Asante kwa kuwasiliana nasi! Umefurahia huduma yetu leo? Tupe nyota!”

Nyota gani, nyinyi watu, na hamjanijibu?!

Nikaandika tena. Likaja lilelile. Mara ya tatu, lilelile. Nilitaka kuitupa simu kwenye pipa la gundi. Siku tatu nzima naomba binadamu mmoja tu anisikilize, nami najibiwa na mashine!

Siku ya nne akanipigia msichana wa kampuni hiyo, Cindy. Sauti ya upole.

“Nimeangalia, madam. Majeneza yalikuwa yametolewa tangu duka lifunguliwe.”

“Nani aliyeyarudisha?”

“Yamerudishwa tarehe sita, saa kumi na dakika nane jioni. Kwa simu inayoishia na nne, moja, sita.”

“Nne... moja... sita...” nikarudia.

“Madam? Unaijua hiyo namba?”

Naijua. Ndiyo niliyokuwa nimeiweka sikioni.

Tarehe sita! Siku hiyo niliona duka moja la Mtwapa limenipita kwa nyota. Nikaingia kwenye mfumo na hasira zangu, nikakuta swali: “Tuma kwa bidhaa zote?” Nikabonyeza NDIYO. Yale maneno ya punguzo niliyaandika mwenyewe, kwa ajili ya vitanda. Mfumo ulijaza tu jina la bidhaa.

Cindy akayaondoa majeneza kwa nusu dakika. Nusu dakika, jamani!

Nikafuta nilichokuwa nimeandika Facebook, nikaweka ombi la msamaha. Ule uongo walikuwa wameusambaza watu mia tatu. Msamaha, watu kumi na mmoja. Nikamtumia Njenga maneno marefu ya kuomba radhi.

Akajibu neno moja: “Nimesoma.”

Mpaka leo ni hilo tu.

Jumamosi nikaenda Kaloleni. Nilimkuta Kahaso ameketi mkekani na wanawake wenzake. Tsuma amesimama mlangoni, amekunja mikono.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

Nikapiga magoti, nikamweleza yote, sikuficha. Akanisikiliza hadi mwisho.

“Meseji iliniuma,” akasema. “Lakini liko lililoniuma zaidi, na hakuna aliyekuja kuniuliza.”

“Lipi, mama?”

“Jeneza lako lilikuwa halifungi.”

“Halifungi vipi?” nikauliza.

“Mbao zilikuwa mbichi. Kifuniko kikajikunja, kikawa kinainuka upande mmoja. Tsuma alikifunga kwa kamba ya kufungia mbuzi. Mume wangu, mzee wa kanisa, amekwenda kaburini amefungwa kamba ya mbuzi, na watu wote wanaona.”

Tsuma akageuza uso.

Nililia pale mkekani, wapendwa. Nina nyota mia na tisini, na hakuna hata moja iliyoniambia kwamba mbao zangu ni mbichi!

Niliporudi Kibarani nilifungua majeneza matano yaliyokuwa tayari kuuzwa. Mawili yalikuwa yamejikunja. Nikayapasua mwenyewe kwa shoka.

Ndugu zangu mnaofanya biashara, mashine ikutumie risiti, ikukumbushe oda, sawa. Lakini aliyefiwa mwendee wewe, kwa miguu yako, ukae chini umsikilize. Atakwambia jambo ambalo nyota haziwezi kulisema.

Nami sasa sikati jeneza kabla mbao hazijakauka.