Picha ya Ishirini

"Nguo zimekauka," sauti ya Shangazi ilisema kwenye simu. "Kaanue."

Simu ikakatwa.

Sindano alimaliza chai yake, akachukua mkoba wa vifaa na kushuka ngazi. Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa kitengo, na maneno yale yalikuwa na maana moja tu. Mnunuzi ameingia mjini. Mchana huohuo angekuwa nyumbani kwa Mkusanyaji, muuzaji wa silaha, na kombora la kudungulia ndege za abiria lingepata mmiliki mpya.

Kazi ilikuwa picha. Muuzaji, mnunuzi na mzigo, wote pamoja. Bila hiyo mawakili wangemtoa Mkusanyaji kama walivyokwisha kumtoa huko nyuma, huku akicheka.

Sindano alikuwa na lake moyoni pia. Miaka sita iliyopita kaka yake, mpiga picha wa kitengo hichohicho, aliingia kwenye ghala la mtu huyu asitoke tena. Maiti haikuonekana, wala kamera. Wakubwa wakakata shauri kwamba amejiuza na kutoroka na filamu. Msaliti. Mama aliishusha picha yake ukutani kwa mikono yake mwenyewe, akaizungushia shuka, na tangu siku hiyo hakumtaja tena.

Sindano hakuwahi kuamini. Alitaka mtu alipe, na alimjua wa kulipa.

Getini walimpekua mpaka visigino. Simu wakachukua. Saa yake ya Casio wakachukua. Kisha wakampitishia kidude cheusi kinachonusa chochote chenye betri. Asubuhi kilikuwa kimeshapiga kelele kwa sababu ya kifaa cha sikioni cha mpishi asiyesikia vizuri, wakamnyang'anya, na sasa mpishi wa watu alikuwa jikoni akifokewa kwa ishara.

Kwa Sindano kilinyamaza. Yeye alikuwa fundi wa kamera tu, ameitwa kusafisha mali ya bosi kabla mgeni hajafika. Mkobani mlikuwa na bisibisi, brashi na chupa ya spiriti. Kamera angezikuta ndani; filamu ilikuwa imeshonewa kwenye kitako cha mkoba.

Kabati la kioo, limejaa kamera za zamani, lilichukua ukuta mzima wa sebule. Rolleiflex. Contax. Zorki. Mkusanyaji, mnene mwenye sauti ya upole, alimtambulishia moja baada ya nyingine kama wanawe. Maishani mwake hakuwa amepiga hata picha moja.

Rafu ya katikati, peke yake, ilikaa Leica M3.

Sindano aliitambua kabla hajaigusa. Mkwaruzo ule pembeni ya kidirisha cha kutazamia ulitokana na ngazi za kwao. Kaka aliiangusha pale, na mama akamtania wiki nzima. Akainama, akajifanya anatafuta brashi, mpaka uso wake ukarudi kuwa wa kazi.

"Hiyo taratibu, fundi," Mkusanyaji alisema. "Mwenyewe aliniachia bila kupenda."

Walinzi wakacheka. Sindano naye akacheka, meno matupu.

Akavuta wenzo wa kusogeza filamu, mara mbili, kama M3 za mwanzo zinavyotaka. Upande wa pili wa kamera, kigurudumu cha kurudishia filamu, chenye nukta nyekundu, kikazunguka.

Kamera ikiwa tupu, hakizunguki.

Akatazama kaunta. Ilitoka kumi na tisa ikaingia ishirini. Mkono uliendelea kupiga brashi.

Mgeni aliingia, mrefu, suti ya kijivu. Sanduku lililoandikwa pampu ya maji likafunguliwa juu ya zulia, kombora likalala humo kwenye maranda. Mgeni akamwona Sindano, akataka kujua huyu mwanamke anafanya nini hapa. Mkusanyaji akamtuliza, kisha kichwa kikamvimba. Akamwambia fundi amwonyeshe mgeni jinsi Leica inavyolia.

"Inanoga nikiielekeza kwa watu, bosi. Simameni kama mnapigwa picha."

Mgeni akarudi nyuma.

"Usihofu," Mkusanyaji alisema. "Haina filamu. Vijana wangu walihangaika nayo, hata pa kuitia filamu hawakupaona."

Walikuwa wamehangaika na mgongo. M3 hufungukia chini.

"Mwanga hautoshi," Sindano alisema. "Nifungue pazia?"

"Unapiga hewa na bado unataka mwanga?"

"Mazoea ya kazi, bosi."

Akalivuta pazia hadi mwisho. Juu ya paa la jengo la mbele, mtu wa kitengo mwenye darubini ya Zeiss alikuwa akilisubiri pazia hilo tu.

Ndani ya kidirisha Mkusanyaji alionekana wawili, mmoja kizuka cha mwenzake. Sindano akazungusha lenzi polepole, kama kaka alivyomfundisha, mpaka wawili wale wakawa mtu mmoja. Mkono begani kwa mgeni. Kombora miguuni. Tabasamu.

Tik.

Mlango wa mbele ukavunjwa.

Mlinzi wa karibu alichomoa Glock. Sindano akaitia kamera kifuani, akammwagia spiriti machoni, akamkamata kifundo cha mkono na kukisokota. Bastola ikabaki mkononi mwake. Alipogeuka, mdomo wa bastola ulikuwa kwenye paji la uso la Mkusanyaji.

Vijana wa kitengo waliingia, redio ikikoroma begani kwa kiongozi wao.

"Sindano. Tunamtaka hai," kiongozi alisema.

Kidole chake kilikuwa kwenye kifyatulio, na alitamani kukikunja kuliko alivyowahi kutamani kitu.

Kisha akampa kiongozi bastola. Akatoa kamera. Mbele ya macho ya Mkusanyaji, aliyekwisha kufungwa pingu, alizungusha kile kigurudumu, polepole, mpaka filamu yote ikarudi ndani ya kaseti yake. Akafungua chini. Akaitoa kaseti na kumsogezea puani.

"Ya kaka yangu. Miaka sita unamwonyesha kila mgeni wako."

Tabasamu lilimfutika Mkusanyaji usoni kabla hajapelekwa garini.

Jioni, kwenye chumba cha kusafishia picha, Shangazi alisimama mbele ya filamu iliyoning'inia. Ya ishirini ilikuwa na muuzaji, mnunuzi na mzigo, wote pamoja. Ya kumi na tisa ilikuwa ya ghalani: Mkusanyaji peke yake, mkono umenyooka, bastola inatazama lenzi.

Ilikuwa kali, hata vifungo vya shati vilihesabika. Kaka aliiona bastola, na bado alizungusha lenzi mpaka vile vizuka viwili vikakutana.

"Ile ripoti ya usaliti niliisaini mimi," Shangazi alisema.

"Najua."

"Nitaandika nyingine."

"Andika. Ila kwa mama utakwenda mwenyewe, kwa miguu yako, umwambie usoni. Na utamsaidia kupigilia msumari wa ile picha yake."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, macho chini. Kisha akanyoosha mkono akiitaka kamera. Ni kielelezo, alisema.

"Filamu ni yenu," Sindano alisema. "Kamera ni ya kwetu."

Akaivaa begani, akatoka.