Udongo Mwekundu wa Ihembe

Katika duka la vifaa vya shule, jirani na stendi ya Kayanga, mikono miwili ilishika boksi moja la rangi. Lilikuwa la mwisho.

"Niachie, dada. Nina darasa zima linanisubiri," alisema mwanaume mwenye shati la bluu lililochakaa kolani.

"Na mimi ninalo, kuanzia kesho," alijibu msichana wa gauni la kitenge cha njano, miguu imejaa vumbi la kutoka Kyerwa.

"Shule gani?"

Alipoitaja shule ya Ihembe, mwanaume alicheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Basi ni hao hao. Mimi ndiye mwalimu wao wa sanaa, Cassian. Wewe ndiye wa mazoezi ya kufundisha, kutoka chuoni?"

"Ndiyo. Uwiduhaye."

"Beba boksi, Uwi. Kila rangi tutaikata vipande vitatu, na bado hazitatosha."

Hazikutosha. Uwiduhaye alianza kwa kukaa nyuma ya darasa, akitazama jinsi Cassian anavyoinama dawati baada ya dawati; kisha akawa anamsaidia kushika mikono midogo isiyojua kuchora duara. Rangi zilipokwisha, alisema bibi yake alipamba kuta kwa mavi ya ng'ombe, majivu na udongo mwekundu. Watoto walicheka. Cassian hakucheka. Jioni hiyo alimpigia simu, na jioni nyingine nyingi baada ya hapo.

"Umekula, mwalimu wangu?"

"Matoke yaliyopoa. Na wewe?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Nenda kale, Cassian, njaa itakuua."

Kisha mzee Adelard, baba yake Cassian, akafariki baada ya kuugua sana. Walimzika nyumbani, ng'ambo ya shule. Uwiduhaye alikuwapo msibani, akaosha vyombo hadi mgongo ukauma.

Siku iliyofuata kipindi cha sanaa kilikuwa chake peke yake. Alitaka kutengeneza ubao wa mapambo kama ya bibi yake, wa kumfariji Cassian. Akachukua jembe la shule, akashuka na watoto hadi kwenye kingo za shamba la migomba, akachimba udongo mwekundu. Nyumbani kwa marehemu, ambako hakuna aliyegusa jembe tangu mazishi, kwani ni mwiko hadi matanga yaanuliwe, mlio ulisikika wazi.

Simu iliita. Alikuwa Cassian.

"Umechimba?"

"Udongo wa rangi tu. Kwetu mwiko ni kulima, si..."

"Mama amelisikia jembe, Uwi. Amelia upya. Anauliza ni nani anayetucheka."

"Mpenzi, nisikilize..."

Simu ilikatika. Tangu hapo kila alipompigia, iliita bila kupokelewa. Alifundisha peke yake, huku mazoezi yakielekea ukingoni. Kama angeondoka Cassian akiwa bado kimya, alijua asingerudi tena.

Siku ya kuanua matanga alibeba ndoo, akarudisha udongo uliobaki shimoni. Kisha akaingia nyumbani kwa marehemu na ubao uliofungwa kwa khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu mama Benadeta, bila kumtazama.

"Nilikosea, mama. Udongo nimeurudisha."

"Wote?"

"Mwingine umo humu."

Alifungua khanga. Mistari iliyoinuka ilipishana, myeupe, myeusi na myekundu. Mama alipitisha vidole juu yake polepole.

"Mavi ya ng'ombe?"

"Ndiyo, mama."

"Marehemu angecheka. Kila nikisiriba sakafu alilalamika kwamba namharibia chakula." Akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

Nje watu walikuwa wamekusanyika mgombani kwa ajili ya kufungua kulima. Cassian alipiga jembe la kwanza, mama la pili. Halafu Cassian akamfuata Uwiduhaye pale aliposimama nyuma ya wageni, akamnyooshea mpini.

"Kesho narudi chuoni," alisema Uwiduhaye.

"Najua."

"Na hilo jembe leo ni la watu wa nyumba hii."

"Hilo pia nalijua. Sijalala vizuri tangu tumzike baba, Uwi. Sina maneno matamu. Shika."

Uwiduhaye alimtazama mama.

"Mwanangu, usitutese, tumechoka," alisema mama Benadeta. "Piga jembe twende tukale."

Uwiduhaye alikunja gauni lake la njano, akapiga mara moja. Udongo ulifumuka mwekundu, na mlio ule ule uliomliza mama ukavuka migomba hadi shuleni.