Nani Kapandisha Bei ya Dawa ya Amisa?

Ijumaa asubuhi, mjini Muyinga, Latifa alifungua boksi jipya la dawa ya mama yake, moyo ukamlipuka. Boksi lilikuwa na jina moja, na pakiti za vidonge ndani zilikuwa na jina lingine. Hata tarehe za mwisho hazikufanana. Upande wa ndani wa kifuniko kulikuwa na alama ya kidole, ya chaki ya bluu. Latifa ni fundi nguo, na kwa chaki hiyo huchora vitambaa kabla ya kukata. Alidhani amelichafua mwenyewe, akafuta vidole kwenye kitenge.

Amisa, mama yake, aliugua hofu. Si ya nyoka wala ya wezi, la; ile inayomjia mtu mchana kweupe, moyo ukaenda mbio mpaka akashindwa kuvuka kizingiti cha nyumba yake. Daktari alimwandikia vidonge, na kwa miezi mitano sasa alikuwa analala, anakula, anatania majirani. Tatizo bei. Kila mwezi ilipanda, na kesho yake mteja angekuja kununua cherehani ya Latifa. Jamani, fundi auze cherehani, halafu dawa yenyewe iwe feki?

Dawa aliileta mjomba Husni, kaka wa Amisa, anayefanya biashara ya vitambaa kati ya Muyinga na Gitega. Mtu mwangalifu huyo: kila mwezi alichukua boksi tupu, eti wenye duka la dawa la Gitega wasije wakampa dawa nyingine. Latifa alimshuku mwenye duka hilo, ambalo Husni alilitaja kila mara. Hakuaga mtu, alipanda gari, akapita Karuzi, na saa saba alikuwa Gitega.

Mwenye duka, Mkongo aitwaye Esdras, alirushiwa maneno makali mpaka wateja wakageuka. Alimwacha Latifa amalize, akavaa miwani, akasoma.

“Dada, hii ya ndani ni dawa ya kweli. Mi mwenyewe njo nauzisha. Boksi njo sijui imetoka wapi.”

Latifa akauliza kwa nini basi bei inapanda hivyo. Esdras akamweleza kwamba dawa hutoka nje na hununuliwa kwa dola. Dola ikiadimika bei inapanda, mafuta ya gari yakikosekana inapanda tena. Lakini kubwa zaidi ni jina. Kampuni iliyoigundua dawa huiuza kwa jina lake, ghali. Viwanda vingine hutengeneza dawa ileile na kuiuza kwa robo ya bei. Ile yenye jina kubwa dukani kwake iliisha miezi minne iliyopita. Hii ya kawaida ilikuwa imepanda kidogo tu.

“Nani anainunua?”

“Iko mzee mmoja wa Muyinga, wa vitambaa. Anakuja na cheti ya daktari. Bon, mwambie mama asiache dawa ghafla, ni hatari.”

Latifa akaligeuza boksi mkononi. Asubuhi ile alikuwa bado hajakata nguo yoyote. Chaki hajaigusa.

Jioni aliliweka boksi mbele ya Husni, Amisa akiwa ameketi hapo.

“Mjomba, chaki yangu ilifikaje Gitega?”

Husni akaanza kwa kuwalaumu Wakongo. Latifa akamtajia ya Esdras, moja baada ya nyingine: jina kubwa liliisha zamani, na chaki inaonyesha boksi ni lilelile linalotoka humu ndani na kurudi. Mzee akainamisha kichwa, akamwambia Amisa.

“Dada, uliapa hutameza dawa yenye jina lingine. Niliogopa utajifungia tena, nikaitia kwenye boksi la zamani; nilijua unatazama boksi tu. Mwezi wa kwanza ilikuwa huruma. Nilipoona umepona na hakuna anayeuliza, ikawa tamaa, nikawa naongeza bei. Kila kitu kinapanda, nani angeshuku?”

Latifa alikuwa na hasira ya kumpiga mtu mzima. Alimtazama mama yake kwa wasiwasi, akingoja ile hofu ianze.

“Kwa hiyo miezi minne yote mi nimepona na hii ya bei ndogo?” Amisa akauliza.

“Ndiyo, mama.”

Amisa akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha sauti yake ikawa kali: Husni atarudisha kila faranga, na Latifa ampigie mteja simu, cherehani haiuzwi.

“Na we, kaka, sitakutuma tena. Mwezi ujao Gitega naenda mwenyewe.”

“Peke yako? Utaendaje?”

“Na gari,” akasema Amisa, akameza kidonge chake cha jioni kwa chai.