Gari la Viti Viwili

Haya hayakunipata mimi, yalimpata rafiki yangu mshonaji, na mpaka leo akiyasimulia hushusha sauti.

Mumewe alipofariki alimwachia gari la zamani la mbio, la viti viwili, lililotunzwa kama yai na kutembezwa kwa nadra. Nyumba alitakiwa kuihama kesho yake, na huko aendako hakukuwa na pa kuliweka, basi akalitangaza linauzwa. Alikuwa amechoka hata kulia. Mnunuzi mmoja tu ndiye aliyepiga simu.

"Usiliwashe kabla sijafika, dada. Nataka nilisikie likiwa baridi."

Alikuja, akafuta viatu mlangoni, akapokea ufunguo kwa mikono miwili. Ndani ya banda la gari mlikuwa na giza. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi. Ilikuwa ya moto.

"Dada, si nilikuomba?"

"Kaka yangu, ningeliwashaje? Betri iko jikoni tangu msiba."

Akafungua boneti, akamulika. Mahali pa betri palikuwa patupu. Akamrudishia ufunguo, akamshika mkono amtoe nje taratibu, kama mtu amtoavyo mgonjwa.

Nyuma yao, gizani, chuma kikawa kinalia tik... tik... tik, ile sauti ya injini iliyotoka safari ndefu, ikipoa.